Hoja Yako ya Korongo, Yustina

Mpendwa mwanangu Yustina,

Nakuita mwanangu kwa mazoea ya ualimu, na najua neno hilo sina haki nalo. Wewe una mama yako, na habari zake nitazifikia. Mimi ni mwalimu wako wa darasa la tano, yule Mnyiramba mrefu mliyekuwa mkimcheka kila alipojaribu kuwaamkia kwa Kigogo. Mtama uliopandwa baada ya kukuzika umeshavunwa. Wenzako wako la sita sasa, na mimi nimepanda nao. Dawati lenu wamebaki wawili, na nafasi ya katikati hakuna anayeikalia, wala mimi sijamwambia mtu aikalie.

Barua hii naiacha wazi. Atakayeisoma aisome, hasa kama ni mwalimu.

Unakumbuka jinsi vikao vyetu vya Ijumaa vilivyoanza? Wengi walidhani nilivianzisha kwa sababu ya upole. Hapana. Nilikuwa nimechoka kuchapa. Nilikuwa nimechapa miaka kumi na mbili, na kalamu ziliendelea kuibwa na majina ya kejeli yaliendelea kuitwa. Nikaenda semina moja ya walimu pale Manyoni, tukaambiwa watoto waachiwe wayamalize wenyewe mambo yao, wakae, wazungumze, waamue. Nilirudi na wazo hilo nimelibeba zimazima. Ijumaa iliyofuata, kipindi cha mwisho, nikawaamuru msukume madawati ukutani mkae chini mduara, na mkadhani mnafanyiwa mtihani wa kushtukiza.

Kanuni tulizitunga pamoja. Aliyeshika dasta ndiye anayesema, wengine kimya. Tunaanza na shukrani: kila mmoja anamshukuru mwenzake kwa jambo moja la wiki ile. Kisha tunafungua lile kopo la rangi tulilolitoboa mfuniko, tunatoa vikaratasi vya hoja, tunajadili, tunapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mwenyekiti ni wa zamu, kwa kufuata daftari la mahudhurio. Katibu alikuwa wewe, siku zote wewe, kwa sababu ya ule mwandiko wako uliosimama wima kwenye mstari. Na kanuni ya mwisho, niliyoipenda kuliko zote, ni kwamba kikao kikishaamua, kimeamua. Hata mwalimu hapindui.

Ijumaa tatu za kwanza dasta ilikufikia ukaishika, ukaitazama, ukampa jirani. Nilikuacha. Ijumaa ya nne ukasema, kwa sauti ambayo walio upande wa mlango hawakuisikia, "Namshukuru Mwajuma kwa kuningoja njiani." Darasa lilicheka, maana walitegemea jambo kubwa kutoka kwa mtu aliyenyamaza wiki tatu. Mwajuma hakucheka. Wiki iliyofuata alikungoja tena, na wiki baada ya hiyo, mpaka nikazoea kuwaona mkitokea pamoja kwenye njia ya mashambani, vidumu vya maji mkononi.

Ulipoanza kusema hukunyamaza tena. Siku moja nikafungua kikaratasi kilichoandikwa "Mwalimu anachelewa kipindi cha kwanza." Hakikuwa na jina, lakini mwandiko ule ningeutambua hata ungeandikwa gizani. Mkanijadili huku nimekaa hapohapo. Mmoja akanitetea kwamba natoka mbali. Wewe ukaomba dasta, ukasema, "Na sisi tunatoka mbali." Nikahukumiwa kufagia darasa siku tatu. Nilifagia. Walimu wenzangu walisimama barazani wakanicheka mpaka machozi, na mwalimu mkuu akaniuliza kama sasa nimeajiriwa na watoto. Nilimjibu ndiyo. Sijui kama kuna siku nimewahi kujisikia vizuri kazini kuliko zile siku tatu na ufagio.

Sasa nakwambia ukweli, maana huwezi kukua ukautambua mwenyewe. Nilianza kujipenda. Afisa elimu wa kata alikuja akakaa nyuma ya darasa, akaona mnavyopeana dasta, mnavyohesabu mikono, unavyoandika muhtasari. Alipiga makofi. Alisema shule zote za kata zije kujifunza hapa. Niliendesha baiskeli jioni ile kifua mbele, nikijiambia nimewafundisha watoto wa wakulima kujitawala. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya hoja yako.

Ilikuwa kiangazi, wakati ambao upande huu wa karibu na Kintinku kila kitu kinakuwa rangi ya vumbi. Uji wa shule unahitaji maji, na maji huchotwa na wanafunzi kwa zamu, darasa kwa darasa. Zamu yetu ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Mahali pa kuchota ni pawili, nawe unapajua. Kuna pampu ya mkono karibu na zahanati, mwendo mrefu, na ukifika unapanga foleni nyuma ya akina mama na punda wao. Na kuna korongo nyuma ya shamba la shule, ambako watu hufukua mchanga wakapata maji chini. Mvua ikiwa karibu kukatika, shimo ni la kupiga magoti. Kiangazi kikikomaa, shimo linameza mtu. Inabidi mmoja ashuke kwa vijingazi vilivyochimbwa ubavuni, achote kwa bakuli, awapokeze walio juu.

Waliokwenda pampu walirudi mapumziko yameisha. Hakuna kucheza rede, uji umepoa, na mwalimu wa zamu anawasubiri getini na fimbo kwa kosa la kuchelewa. Nilijua hilo. Niliwahi kuwa huyo mwalimu wa zamu.

Ijumaa ile mwenyekiti alikuwa Mwajuma. Alifungua kikaratasi chako akakisoma. "Shimo la korongoni limeanza kumeguka. Naomba tuchote pampu." Ukapewa dasta. Ulisimama, ingawa kanuni haikutaka mtu asimame.

"Jana nilikuwa ndani," ulisema. "Mchanga ulinimwagikia mgongoni, kiasi cha ndoo. Nilipotoka ukamwagika mwingine."

Mtu akasema ulikuwa unaogopa tu. Mwingine akasema kaka zake wameshuka mle miaka yote. Kisha Mwajuma akajitwalia dasta, akakuuliza kama mwenyekiti anavyouliza, bila ubaya, "Pampu ni mbali. Tukichelewa tunachapwa. Wewe unataka tuchapwe?"

Ukanyoosha mkono, ukarudishiwa dasta. Ukasema, "Bora tuchapwe."

Wakaguna. Ni watoto wa miaka kumi na mmoja, kumi na miwili. Fimbo wanaijua, ipo kila siku. Kifo cha mchanga walikuwa hawajakiona. Wakapiga kura. Walionyoosha mikono kukuunga walikuwa saba, pamoja na wewe. Waliopinga walikuwa arobaini na moja. Mwajuma alihesabu mara mbili kwa kugusa kila kichwa, kama nilivyowafundisha.

Na wewe, kabla hujaandika, uliinua macho ukanitazama. "Mwalimu, na wewe?"

Nilitabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile usoni mwangu kama kitu kilichonata. Nikasema, "Mwalimu hapigi kura, Yustina."

Nilikuwa na akili zangu timamu, mwanangu. Nilisikia ulichosema kuhusu ndoo ya mchanga. Nililijua korongo lile, nilijua kiangazi, nilijua kwamba ningeweza kuinuka pale nikasema kuanzia leo hakuna anayeshuka shimoni, na fimbo ya getini nitaizuia mimi. Neno moja la mtu mzima. Lakini nilikuwa bado na makofi ya afisa elimu masikioni, nikaona kwamba nikiwapindua leo nitakuwa nimeviua vikao. Jambo la uhai wa mtoto nililiacha lipigiwe kura na watoto, na nikaona fahari kwa kuliacha.

Ukainama ukaandika. Ukurasa ninao. "Hoja ya korongo. Imekataliwa. Tutaendelea kuchota korongoni. Wote tumekubaliana." Yale maneno mawili ya mwisho niliwafundisha mimi, kwamba muhtasari wa kila hoja ufungwe hivyo, ili asiwepo wa kununa akitoka nje.

Jumanne nilikuwa nasahihisha madaftari ya hisabati. Mwajuma aliingia bila kubisha, nywele na kope zimejaa mchanga, akasimama mbele ya meza yangu. Akanyoosha kidole kuelekea dirishani. Nilikimbia. Walimu walikimbia, wapishi wa uji walikimbia na sufuria mikononi, mzee mmoja aliyekuwa analima alikuja na jembe. Tulifukua kwa jembe, kisha tukaogopa kukujeruhi tukafukua kwa mikono. Kila tulipotoa mchanga ulirudi. Nilikupata mkono kwanza, bado umeshika bakuli. Zaidi ya hapo sitaandika.

Baadaye niliwauliza wenzako kwa nini ulishuka wewe, wewe uliyekataa. Wakaniambia zamu ya kushuka ilikuwa bado yako. Walisema ulisimama ukingoni kidogo, Mwajuma akakuuliza kama unaogopa, ukajibu, "Kikao kimeshaamua." Ukashuka. Uliitii kanuni yangu kuliko mtu yeyote darasani.

Mtendaji wa kijiji alikuja kuandika taarifa. Mwalimu mkuu alisema watoto walitoroka kwenda kucheza korongoni, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake, kiti kwa kiti. Mtendaji akanigeukia, "Ndivyo, mwalimu?" Nikainamisha kichwa. Mtu akiinamisha kichwa kwenye msiba wanasema ni majonzi. Ikaandikwa kwamba ulikuwa unacheza. Tulipotoka nje mwalimu mkuu akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Lile kaunta buku la vikao lifungie mahali. Likionekana, mimi na wewe tunarudi kulima." Nikalifungia daftari hilo kabatini, chini ya ramani kuukuu.

Shimo likafukiwa siku ileile. Madarasa yote yakapelekwa pampu, na mapumziko yakaongezwa ili wasichelewe. Ilichukua dakika chache tu kuliamua, walimu wanne barazani, tumesimama.

Wiki mbili baada ya kukuzika mama yako alikuja shuleni. Nilimwona kupitia dirishani anavuka uwanja amejifunga kanga mbili, moja begani. Nikajua amesikia. Alipofika mlangoni alivua ndala akaziacha nje, jambo ambalo hakuna mzazi anayelifanya, akaingia ofisini kwa miguu mitupu.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kuwaomba radhi. Mtoto amewasumbua. Nilimkataza korongo, nilimkataza sana. Alikuwa msikivu yule, sijui siku ile alipatwa na nini."

Na mimi, mtu mzima mwenye cheti na chaki mfukoni, nikamjibu, "Yameshapita, mama."

Aliinama akavaa ndala zake akaondoka. Yustina, nimefanya makosa mengi kazini, lakini kama kuna hukumu mahali, naamini nitaulizwa kuhusu maneno yale mawili kabla ya kuulizwa kuhusu kura. Kura nilikosea kwa ujinga na majivuno. Yale maneno mawili niliyatamka nikijua.

Tangu hapo hatukufanya kikao. Ijumaa kipindi cha mwisho nilikuwa nawapa hesabu za kunakili ubaoni. Hakuna aliyeuliza. Mwaka ukaisha, wakapanda la sita, nami nikapangiwa kupanda nao. Kisha, majuma machache yaliyopita, Ijumaa, niliingia nikakuta madawati yamesukumwa ukutani. Wamekaa chini mduara, wenyewe, kimya. Dasta ilikuwa katikati ya sakafu na hakuna aliyeigusa.

Nikakaa nao. Nikasema tuanze na shukrani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikaa vile mpaka nikasikia wapishi nje wakiosha masufuria. Ndipo Mwajuma akasogea, akaichukua dasta, akaishika kwa mikono miwili. Amekonda yule mtoto. Mama yake aliwahi kuniambia hali chakula vizuri, nikamshauri ampeleke zahanati akapimwe minyoo.

"Mwalimu," akasema, "sisi ndio tuliomuua?"

Nikatazama mduara. Wale arobaini na moja niliwajua kila mmoja, maana sura zao zilikuwa zinanisubiri mimi, na wale sita waliobaki walikuwa wanatazama chini. Karibu mwaka mzima walikuwa wamelibeba hilo, kila mtoto na mkono wake alioupandisha, wanakwenda nalo pampu, wanalala nalo. Wazazi wao wanadhani ulikuwa unacheza. Hawakuwa na wa kumuuliza isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nawapa hesabu za kunakili.

"Hapana," nikasema. "Si ninyi. Yustina alisema shimo linameguka, na mimi nilimsikia. Mtu mzima akisikia hivyo hapigishi kura. Anakataza. Mimi sikukataza. Ni mimi."

Sikujua watafanya nini. Nilitegemea labda watalia. Mwajuma akaiweka dasta sakafuni, akatoka nje bila ruhusa, na mmoja mmoja wakamfuata. Nilibaki peke yangu na madawati ukutani. Niliyarudisha mwenyewe.

Jumapili hiyo niliandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa tatu, ya kupeleka wilayani, nikaambatanisha na ukurasa wako. Mwalimu mkuu nimemwambia. Hajaniamkia tangu siku hiyo, na simlaumu, ana watoto anaosomesha. Lakini kabla karatasi hazijatoka nilitaka mama yako asikie kutoka mdomoni mwangu, asije akasikia kisimani.

Nilimkuta uani anapepeta uwele. Alinikaribisha, akanipa kigoda chake mwenyewe, akaniuliza habari za shule, habari za walimu, habari za mvua upande wa kwetu Misigiri. Nilijibu zote. Kisha nikamwambia. Nilimwambia tangu kikaratasi mpaka kura, mpaka taarifa ya mtendaji, mpaka siku aliyovua ndala mlangoni. Sikuacha kitu. Ungo ulikuwa umetulia magotini pake.

"Kwa hiyo hakwenda kucheza," akasema.

"Hakwenda kucheza, mama."

"Alikataa?"

"Alikataa mbele ya darasa zima. Alisema bora wachapwe."

Kuku walikuja wakaanza kudonoa pembeni ya ungo na hakuwafukuza, nikajua jambo hili limemwingia. Nilimngoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, njia nzima nilikuwa nimejiandaa, na nadhani nilikuwa nayataka matusi yale. Lakini hakuwa ananitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimekuwa namgombeza. Kila asubuhi nikipita pale alipolala, nasimama namgombeza. Namwambia, nilikukataza, kwa nini hukunisikia, umeniachia aibu hii. Kila asubuhi, mwalimu. Hata leo."

Akauweka ungo chini. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba ulipo. Nilimsikia akisema na wewe kwa Kigogo, taratibu, muda mrefu, anasema ananyamaza, anasema tena. Kigogo changu ni cha salamu, lakini jina lako nililisikia, na nililisikia vile mtu anavyoliita jina anapomwomba mwenzake radhi. Alikuwa anakuomba msamaha, Yustina, yeye ambaye hakukukosea kitu, na mimi niliyekukosea nilikuwa nimekalia kigoda chake.

Pumzika, mwanangu. Ulimsikiliza mama yako, ukanisikiliza na mimi, na aliyekuwa wa kusikilizwa ni wewe.

Ni mimi,
Mwalimu wako wa darasa la tano